Mwandishi wa Chakula na Chungu cha Nyumbani

Wahenga walisema: Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Methali hii hutumika kumwonya mtu binafsi, lakini yafaa pia kuwapima watu wa kalamu, hasa wale ambao kazi yao gazetini ni kuandika habari za chakula. Mwaka 1975 ulitoa mfano wa shibe na mfano wa njaa kwa pamoja, na katika mifano hiyo miwili limo funzo kwa kila anayejali utamaduni wa taifa letu.

Tuanze nyumbani. Masanze imo kusini mwa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika nchi ya Wasagara na jirani zao Wavidunda. Chakula cha sehemu hizi kimebeba historia ndefu. Mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yalileta vibarua kutoka majimbo mengi wakati wa ukoloni. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kikavuta wengine tangu miaka ya 1960. Na wafugaji wa Kimasai wakaja na mifugo yao. Kila mgeni alifika na namna yake ya kupika. Kwa hiyo ugali wa mahindi au wa mtama, wali wa mpunga wa mabondeni, kunde, mbaazi, mlenda na maziwa si vitu vya kujaza tumbo tu. Ni kumbukumbu za kazi, za uhamiaji na za ujirani. Lakini kumbukumbu hizo zimekaa zaidi mikononi mwa mama na bibi kuliko katika maandishi.

Ukame wa mwaka 1974 uliibana nchi vibaya. Serikali ililazimika kununua nafaka ng'ambo, na watu wengi wakala unga wa mahindi ya manjano waliouita yanga. Mwaka uliofuata ikaendeshwa kampeni ya Chakula ni Uhai, kwa mfano wa ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Zaidi ya watu milioni moja walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana juu ya kilimo na lishe. Kwa mwandishi wa habari wa wakati huo, chakula kilikuwa jambo la kufa na kupona. Aliandika juu ya mavuno, tani, bei na mgawo, na alifanya vema, kwa kuwa ndivyo taifa lilivyohitaji.

Mwaka huo huo, mwandishi wa chakula aliyesifika kuliko wengi duniani alikuwa akifanya kazi katika mazingira mengine kabisa. Jina lake ni Craig Claiborne, wa gazeti la New York Times la Marekani. Alizaliwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Sunflower, jimbo la Mississippi. Baba yake alipofilisika, mama yake aliendesha nyumba ya kupangisha na kulisha wageni katika mji wa Indianola. Mtoto Craig alikulia jikoni humo, miongoni mwa wapishi weusi, katika jimbo ambalo sheria zake zilimtenga mtu mweusi na mweupe. Hapo ndipo ulimi wake ulipofundwa. Baadaye alisoma uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Missouri, akatumika katika jeshi la majini, kisha akajifunza upishi na kazi ya hoteli katika shule ya Lausanne, Uswisi.

Mwaka 1957 alikuwa mwanamume wa kwanza kuongoza ukurasa wa chakula wa gazeti hilo. Kabla yake, kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanawake na haikupewa uzito. Claiborne aliipa kanuni. Alikwenda mikahawani bila kujitambulisha, akarudi zaidi ya mara moja kabla ya kuandika neno, na gharama zililipwa na gazeti ili asiwe na deni kwa mwenye mkahawa. Kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1961 kiliingia katika majiko mengi ya Marekani.

Lakini shibe ina ulevi wake. Mwaka 1975 Claiborne alishinda, kwa dola 300, mnada wa hisani ambao zawadi yake ilikuwa chakula cha watu wawili mahali popote, bila kikomo cha gharama. Yeye na rafiki yake, mpishi Pierre Franey, wakachagua mkahawa mmoja wa Paris. Waliandaliwa vyakula 31, na hesabu ikafika dola 4,000. Habari hiyo ilitoka katika ukurasa wa mbele tarehe 14 Novemba 1975. Wasomaji wengi waliandika barua za hasira, na lawama zikatoka hata Vatikani. Walimwuliza swali moja kwa namna nyingi: inakuwaje mtu ajisifie karamu ya namna hiyo wakati wenzake wana njaa?

Tusikimbilie kumcheka. Kosa halikuwa katika ufundi wake, maana kuonja kwa uangalifu, kupima, kurudia na kukataa hongo ni maadili ya mwandishi yeyote wa kweli. Kosa lilikuwa katika kusahau sufuria iliyomlea. Wapishi wa jikoni kwa mama yake hawakupata sifa aliyoipata yeye, wala hawakuwahi kuketi katika meza kama ile ya Paris.

Sisi nasi tuna upungufu wetu. Tumezoea kukiandika chakula kinapokosekana; kinapokuwapo tunanyamaza. Takwimu za tani zitatuambia ni watu wangapi walilishwa, lakini hazitatuambia mama alifanyaje ili yanga iliwe na watoto wasioizoea, wala ni mboga gani za porini zilizoivusha kaya mpaka mavuno. Maarifa hayo yasipoandikwa, huzikwa pamoja na wenyewe.

Basi kazi hii ni ya walimu na wanafunzi. Mwanafunzi wa Masanze akae karibu na bibi yake na daftari mkononi. Aulize mlenda huchumwa wakati gani, hutiwa nini, huchukua kuni kiasi gani, na nani alimfundisha bibi kuupika. Aandike jina la mpishi kama bibi mwenyewe akiridhia. Apike mwenyewe, akosee, arudie, ndipo aandike. Akifanya hivyo atakuwa ameuchukua ufundi wa Claiborne na kuuacha ulevi wake, na chungu cha nyumbani kitakuwa kimepata mwandishi wake.