Udumishaji: Chuo Kinapohesabu Wanafunzi Wake

Vyuo vya kiufundi nchini Kenya hupokea wanafunzi wapya mara tatu kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba. Ukiuliza chuo cha Nakuru kina wanafunzi wangapi, utapewa jumla ya waliosajiliwa muhula huo. Jumla hiyo yaweza kupanda mwaka hata mwaka ilhali walioingia pamoja wanapukutika, kwa kuwa nafasi ya aliyeondoka Machi hujazwa na anayeingia Mei. Kipimo kinachofichua mpukutiko huo ndicho Kiingereza hukiita retention. Kwa Kiswahili napendekeza udumishaji wa wanafunzi.

Mtu aweza kusema uhifadhi, lakini neno hilo limekwisha kushikwa na misitu na wanyamapori. Mkazi wa Nakuru akilisikia hufikiria mbuga ya Ziwa Nakuru kabla ya kufikiria darasa. Aweza pia kusema ubakizaji, ila kinachobakizwa aghalabu ni chakula au pesa. Kitenzi kudumu kinafaa zaidi, na sarufi yake inatusaidia kwa jambo kubwa: anayedumu ni mwanafunzi, anayedumisha ni chuo. Ndiyo maana nashauri tuwe na istilahi mbili. Udumishaji uwe sehemu ya wanafunzi ambao bado wako katika chuo kilekile mwaka mmoja baada ya kuingia. Kudumu masomoni kuwe sehemu ya wale wanaoendelea kusoma, popote pale walipo. La kwanza linakihoji chuo, la pili linamfuata mwanafunzi.

Vipimo vyote viwili havina maana bila rika. Mtakwimu huanza na kundi lililoingia pamoja, akalifuata hadi mwisho bila kuliongezea hata mtu mmoja. Katika Bonde la Ufa neno rika halihitaji maelezo marefu: Wakalenjin na Wamaasai wamepanga watu kwa marika tangu zamani, na aliyetahiriwa baada ya rika kufungwa hahesabiwi na waliomtangulia.

Tuseme, kwa mfano tu, rika la Septemba la ufundi wa umeme lina wanafunzi 100. Septemba inayofuata, 60 wako chuoni. Wengine 12 wamehamia vyuo vilivyo karibu na kwao, huko Molo au Naivasha. Wanane wameandika barua za kuahirisha masomo. Ishirini hawajulikani waliko. Udumishaji ni asilimia 60. Kudumu masomoni ni asilimia 72. Chuo kikitangaza jumla ya wanafunzi peke yake, wale 20 hawaonekani kabisa, na asiyeonekana hatafutwi.

Marekani imepitia mtihani huu katika vyuo vyake vya jamii, vile vya miaka miwili ambavyo wengi wa wanafunzi wake husoma huku wakifanya kazi. Sheria ya mwaka 1990 ilivitaka vyuo vitangaze kiwango cha wanaohitimu, na hesabu ikawa ya waliomaliza ndani ya asilimia 150 ya muda wa kozi, yaani miaka mitatu kwa kozi ya miwili. Lakini rika lililohesabiwa lilikuwa la walioingia chuo kwa mara ya kwanza, tena wa kutwa nzima. Mama anayesoma jioni hakuhesabiwa, wala aliyerudi chuoni baada ya miaka kadhaa kazini. Baadaye ilibidi serikali iongeze kipimo kingine kinachowajumuisha. Kenya isiazime fomula ile ya kwanza, kwa sababu hapa pia wapo wanaosoma huku wakifanya kazi.

Neno mafanikio nalo linahitaji mipaka. Ufaulu ni kupita mtihani, kuhitimu ni kumaliza kozi. Mafanikio ni mapana kuliko yote mawili. Mwanafunzi wa umekanika anayefaulu jaribio la ufundi la NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, daraja la tatu, kisha akaenda kufanya kazi katika gereji ya jua kali mjini, ameacha kozi lakini ameondoka na cheti chenye thamani. Mtaala wa umilisi unaosimamiwa na CDACC, baraza la mitaala na upimaji wa vyuo vya kiufundi, unalipa jambo hili nafasi: mwanafunzi hupimwa umahiri wake katika kila kitengo, na anayeshindwa huandikwa kwamba bado hajawa mahiri. Kwa hiyo chuo kingeweza kuhesabu vitengo ambavyo kila aliyeondoka alikuwa amevimudu. Kumweka fundi huyu katika safu moja na msichana aliyerudi Kuresoi kwa kukosa karo ni kuwadhulumu wote wawili.

Karo ndipo penye uchungu. Serikali ilipoanza mwaka 2018 kuvipa vyuo vya kiufundi shilingi 30,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, karo ilikuwa 56,420. Zilibaki 26,420 za kutafutwa nyumbani au kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Kwa mzazi aliyengoja bei ya viazi Molo, au aliyelipwa ujira wa shamba la maua Naivasha, hizo hazikuwa fedha ndogo. Mfumo wa kulipa kwa kichwa ulikuwa na mantiki yake, na uliwafungulia vijana wengi mlango. Hata hivyo fedha zikifuata idadi ya waliosajiliwa, chuo husukumwa zaidi kutafuta mgeni wa Mei kuliko kumpigia simu aliyetoweka Machi. Naamini sehemu ya fedha za serikali kwa vyuo ifuate udumishaji.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya gharama. Daftari la kila rika liwe na safu sita: anayeendelea, aliyehitimu, aliyehamia, aliyeahirisha, aliyeondoka na umahiri uliothibitishwa, na asiyejulikana. Kila jina liandamane na nambari ya kitambulisho, ili aliyehama Nakuru kwenda Eldoret aonekane kule anakosoma. Safu ya sita ikaguliwe wiki ya tatu ya kila muhula, wakati simu ya mzazi bado inapatikana na muhula haujapotea.