Tarehe ya Deni la Plymouth

Mwezi wa Septemba mwaka 1620, merikebu Mayflower iling'oa nanga katika bandari ya Plymouth, Uingereza, ikiwa na abiria 102, baadhi yao watu wa dini waliotaka kumwabudu Mungu pasipo kuudhiwa. Lakini kwa kuwa hawakuwa na mali ya kugharimia safari, walikuwa wamekwisha jifunga kwa matajiri wa London, kwa sharti la kufanya kazi kwa shirika miaka 7, na kila watakachochuma kiingie katika hazina moja hata siku ya kugawana rasilmali na faida. Waliomba siku 2 kila juma wajifanyie kazi zao wenyewe, matajiri wakakataa.

Walifika Amerika wakati wa baridi, na kabla haijaisha nusu yao walikuwa wamefariki. William Bradford, aliyekuwa gavana wao baadaye, ameandika kwamba katika shida ile wenye afya walikuwa 6 au 7 tu, nao ndio waliotafuta kuni, wakapika, wakafua nguo chafu za wagonjwa, wakawavua na kuwavika, bila ya kinyongo.

Makazi yao, yaliyoitwa pia Plymouth, yalisimama penye Patuxet, mji wa Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, uliofutwa na maradhi miaka michache kabla. Na Tisquantum, mzaliwa wa hapo, aliwafundisha kupanda mahindi kwa kufukia samaki shinani.

Shehena ya kwanza ya ngozi na mbao waliyoipeleka kwa merikebu Fortune ilitekwa na Wafaransa baharini, na deni likabaki vile vile. Mwaka 1623 Bradford aliigawia kila jamaa sehemu yake ya kulima, na hapo hata wanawake waliwachukua watoto wao wakaenda shambani kwa hiari. Mwaka 1627 walikubali kuwalipa matajiri pauni 1,800, pauni 200 kila mwaka, na Bradford na wenzake wachache wakaichukua dhima hiyo shingoni mwao, wakitegemea biashara ya ngozi za mnyama aitwaye biva. Hesabu hazikufungwa hata miaka ya 1640.

Uaminifu huo unastahili sifa. Lakini fadhila ya Wawampanoag haikuandikwa katika daftari la mdai yeyote, na mwaka 1675 Metacom, mwana wa Ousamequin, mkuu wa Wawampanoag aliyefanya mapatano ya amani na walowezi hao mwaka 1621, alilazimika kuitetea ardhi ya baba zake kwa vita.