Dolly Rathebe hakuisha

Hapa Nairobi tuna haraka. Msanii akikaa miaka miwili bila kutoa ngoma, tunasema ameisha. Mimi pia nilikuwa nasema hivyo, hadi nilipoanza kumfuatilia Dolly Rathebe.

Nilimwona kwanza kwenye Jim Comes to Jo'burg, filamu ya 1949, moja ya zile za kwanza Afrika Kusini kuwapa Waafrika nafasi kuu. Dolly, binti aliyekulia Sophiatown, anaigiza mwimbaji wa klabu. Hapo jina likavuma. Miaka miwili baadaye akatokea kwenye The Magic Garden, na jarida la Drum likawa halimwachi.

Siku moja Jürgen Schadeberg, mpiga picha wa Drum, alimpeleka kwenye kilima cha mchanga wa mgodi wa dhahabu, ampige picha akiwa na bikini. Polisi wakawakamata wote wawili. Kisa? Dolly ni Mweusi, Schadeberg ni Mzungu, na sheria ilikataza mapenzi kati yao. Watu wako kazini, ati wamefumaniwa!

Halafu 1955 serikali ikaanza kuwahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu, na mtaa ukabomolewa. Nyumba zilienda, na maisha ya muziki yaliyomlea Dolly yakaenda nazo. Baadaye alihamia Cape Town, akawa anaendesha shebeen, yaani baa ya nyumbani isiyo na leseni. Ungemkuta pale akihudumia wateja, si ungesema ameisha?

Kumbe bado. 1988 alirudi kwenye Mapantsula, filamu iliyoupinga ubaguzi wa rangi. Walioitengeneza waliwaambia wakubwa kwamba ni hadithi ya majambazi tu, wakapenya. Mwaka uliofuata bendi ya Elite Swingsters ilifufuka, na Dolly ndiye akashika maikrofoni, akiwa na miaka 60 na ushee. Alifariki 2004.

Kutoka filamu ya kwanza hadi kifo chake ni miaka 55. Kuna watakaoitoa ile ya shebeen kwenye hesabu. Mimi siitoi. Ukumbi ukibomolewa, si mwimbaji aliyeshindwa kuimba.

Siku hizi mtu akiniambia msanii fulani ameisha, namuuliza kwanza: ukumbi wake uko wapi?