Mshahara wa mwalimu: safari ndefu kutoka Mayombe hadi Ganshoren

Kila mwaka tunapokutana kusherehekea tarehe 30 Juni, majina yanayotajwa ni yale yale: Lumumba, Kasa-Vubu na wenzao. Watoto wetu waliozaliwa hapa Ubelgiji wanayajua. Wasilolijua wengi ni kwamba Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa Kongo, alikuwa mwalimu, na kwamba mshahara ulichangia kumtoa darasani.

Kasa-Vubu alipata diploma ya ualimu mwaka 1940, akaanza kufundisha katika shule ya misheni kwao Mayombe. Alilipwa faranga 80 kwa mwezi. Hazikutosha kutunza nyumba. Akahamia shule nyingine, lakini huko nako hakuelewana na wakubwa wa misheni. Mwaka 1941 akaacha ualimu na kuingia Agrifor, kampuni ya kilimo na misitu, kwa faranga 500 kwa mwezi. Hapo ndipo akaona sasa anaweza kuoa.

Tunaanza na habari hii kwa sababu ina jibu la swali ambalo watoto hutuuliza. Simu inalia kutoka Bukavu, Uvira au Lubumbashi: mjomba anaomba pesa za masomo. Mtoto anauliza, "Kwa nini mwalimu wa huko analipwa na wazazi? Mwalimu wangu hajawahi kuwaomba ninyi kitu." Jibu la haraka ni kusema kwamba serikali ya kwetu ni mbaya. Jibu la kweli ni refu zaidi, na sehemu yake ilianzia hapa Brussels.

Tangu mapatano ya mwaka 1906 kati ya dola ya Leopold II na Vatikani, shule za Kongo ziliwekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Kuanzia miaka ya 1920 koloni ilitoa ruzuku kwa shule za misheni za Kibelgiji, yaani kwa sehemu kubwa za Kikatoliki. Waprotestanti walisubiri mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwalimu Mwafrika hakupewa hata jina la mwalimu kamili, aliitwa "moniteur". Basi malipo yake yalitegemea rangi yake, misheni iliyomwajiri, na mahali alipofundisha. Mwenye kusoma na kuandika vizuri alijua kwamba karani wa kampuni au wa serikali mjini hula vizuri kuliko mwalimu wa kijijini. Wengi walifuata njia ile ile ya Kasa-Vubu.

Makarani nao walikuwa na malalamiko yao. Chama chao, APIC, kilichowaunganisha wafanyakazi Waafrika wa serikali ya koloni, kilidai jambo moja lililo wazi: kazi sawa, mshahara sawa. Huko Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, tawi lake liliongozwa na karani wa posta aliyeitwa Patrice Lumumba. Kwa hiyo kabla ya neno "uhuru" kusikika barabarani, neno "mshahara" lilikuwa limeshasikika maofisini. Mwaka 1959 Wabelgiji walikubali sheria moja ya utumishi kwa weusi na weupe, lakini ngazi za juu zilibaki karibu zote kwa Wazungu. Mwaka mmoja baadaye tukapata uhuru.

Miaka hiyo hiyo Wabelgiji wenyewe walikuwa wakigombana kuhusu shule. Kati ya mwaka 1954 na 1958 serikali iliyokuwa madarakani hapa ilipunguza msaada kwa shule za Kikatoliki, na waziri wake wa makoloni, Auguste Buisseret, akafungua shule za serikali zisizo za dini huko Kongo. Watu waliandamana katika barabara za Brussels. Ugomvi uliisha kwa mapatano ya vyama vikubwa mwezi wa Novemba 1958, yakawa sheria tarehe 29 Mei 1959. Moja ya mambo makubwa yaliyoamuliwa: mshahara wa mwalimu utalipwa na dola, awe katika shule ya serikali, ya manispaa au ya Kikatoliki.

Matunda ya sheria ile tunayaona Ganshoren kila asubuhi tunapowapeleka watoto shule. Mwalimu wa hapa hulipwa kwa jedwali linaloangalia diploma yake na miaka aliyofundisha. Anayeanza anapata kidogo, mwenye miaka ishirini anapata zaidi. Akihamia Liège au Namur, jedwali ni lile lile. Kinachobadilika ni lugha: tangu mwaka 1989 elimu iko mikononi mwa jumuiya za lugha, hivyo shule mbili jirani, moja ya Kifaransa na moja ya Kiflamandi, walimu wake hulipwa na serikali mbili tofauti. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayemtazama mzazi mfukoni.

Kongo haikupata mapatano kama hayo. Baada ya 1960 Wabelgiji wengi waliondoka, na UNESCO ikasaidia kutafuta walimu kutoka nje. Mamia ya Wahaiti walikuja kufundisha, na wazee wetu wengi bado wanawakumbuka. Mwishoni mwa 1974 Mobutu alizitaifisha shule zote, lakini mwaka 1977 akazirudisha makanisani kwa mkataba: kanisa lisimamie, dola ilipe. Mkataba huo ungeweza kufanya kazi kama ule wa Ubelgiji. Tatizo ni kwamba dola iliacha kulipa.

Hesabu zinazotajwa sana na wachunguzi wa elimu zinaonyesha kwamba mshahara wa mwalimu ulikuwa wastani wa dola 68 kwa mwezi mwaka 1982. Mwaka 1987 ulikuwa dola 27. Mwaka 2002 haukufika dola 13. Katikati ya anguko hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu waligoma na shule zikafungwa kwa miezi mingi. Kanisa Katoliki na kamati za wazazi wakakaa pamoja wakaamua: wazazi watachanga ili mwalimu arudi darasani. Mchango ule ndio tulioujua kwa jina la primu. Ulianza kama dawa ya dharura. Ukadumu zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Primu iliokoa shule. Hilo tulikiri. Bila mama aliyeuza ndizi na baba aliyesukuma mkokoteni, wengi wetu tusingejua kuandika barua hii. Lakini primu ilirudisha kwa nguvu jambo lile la zamani: mahali. Mwalimu wa shule ya Kikatoliki yenye sifa katikati ya Lubumbashi aliweza kupata kwa wazazi mara nyingi zaidi ya mshahara wa serikali. Mwalimu wa Fizi, Masisi au Walungu alipokea maharage, kuku, au siku moja ya wanafunzi kulima shamba lake. Kijana wa miaka miwili kazini mjini alimpita mzee wa miaka thelathini kijijini. Na fedha zote hazikubaki kwa mwalimu. Sehemu ilipanda ngazi hadi ofisi za ukaguzi na za usimamizi wa shule.

Serikali nayo ilikuwa na jedwali lake, lakini lilifuata kanda: Kinshasa juu, miji mingine mikubwa chini yake, vijiji mwisho. Tena kulikuwa na walimu wasiolipwa kabisa. Ili ulipwe, ilikuwa lazima jina lako liwe kwenye orodha ya SECOPE, idara ya malipo ya walimu, na maelfu walifundisha miaka mingi bila kuingizwa humo. Mwezi wa Februari 2004 serikali na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano ya Mbudi: mshahara wa mtumishi wa chini kabisa ufike dola 208, wa juu kabisa dola 2,080. Mpaka leo vyama vya walimu vinayataja, kwa sababu hayajatimizwa.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi ya serikali ni bure. Ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Mamilioni ya wazazi walipumua. Vijijini walimu wengi walifurahi mshahara ulipopanda kidogo. Mijini wengine walilia, kwa sababu primu iliondoka na nyongeza ya serikali haikuziba pengo. Watoto walijaa madarasani, mahali pengine zaidi ya mia kwa mwalimu mmoja. Migomo ikarudi.

Na mahali bado panaamua. Kwa miaka zaidi ya kumi mishahara mingi imekuwa ikipitia benki. Mwezi wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, Februari ikafuata Bukavu, na benki zikafungwa. Siku hizo mwalimu mwenye jina kwenye orodha na miaka yake ya kazi alikuwa na mshahara asioweza kuushika, kwa sababu tu ya mji anaoishi.

Basi, watoto wetu, mkisikia kwamba mwalimu wa kwetu anaomba pesa, msifikiri ni mwizi au mvivu. Ameachiwa mzigo ambao hapa dola iliubeba mwaka 1959. Na ninyi wazazi mnaotuma yuro hamsini mwezi wa Septemba, jueni kwamba mnaendeleza kazi iliyoanzwa na kamati zile za wazazi. Ni kazi ya heshima. Lakini haipaswi kuwa ya milele, na sherehe ya uhuru ni siku nzuri ya kulisema hilo kwa sauti.

Tunawaomba jambo moja kabla ya mwaka ujao. Kila kijana amuulize babu, bibi, baba au mama: mwalimu wako wa mwaka wa kwanza aliitwa nani, alifundisha wapi, na alilipwa nini? Faranga, zaire, maharage, au hakulipwa? Andikeni majibu kwenye daftari mlete kwa kamati yetu. Tutayachapisha katika gazeti lijalo, na majina ya walimu hao tutayasoma pamoja na yale ya Lumumba na Kasa-Vubu.

Uhuru mwema kwa wote.