Mvita: Manowari ya Mbao na Jina Lake

Katika historia ya vyombo vya kivita, manowari ndogo za kusafisha mabomu ya baharini hazikuandikiwa sana, pengine kwa kuwa kazi yake haina fahari: husafisha njia ambayo wengine wataipita. Hata hivyo, mojawapo ilipewa jina la Kiswahili, nalo lastahili kuchunguzwa hata na sisi wa Kisangani, tulio mbali na bahari.

Mabomu ya zamani yalifungwa kwa waya kwenye nanga, yakingoja kuguswa na meli. Dawa yake ilikuwa nyepesi: chombo huburuta kamba ya chuma yenye makali, waya wa bomu hukatika, bomu huibuka, nalo hupigwa risasi. Mambo yalibadilika mwaka 1939. Tarehe 23 Novemba, Waingereza walilifungua bomu zima la Kijerumani lililopatikana kwenye tope la Shoeburyness, wakatambua kwamba halingoji kuguswa. Chuma cha meli hugeuza uga wa sumaku wa mahali ilipo. Sindano iliyomo ndani ya bomu husogea, umeme hupita, bomu hulipuka. Tangu hapo mbao, iliyokuwa imedharauliwa na wanamaji wa mataifa makubwa, ikarudi kwenye heshima yake.

Japani ndiyo iliyolishika somo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1945 ndege za Marekani zilitega mabomu zaidi ya 10,000 katika maji yake. Jeshi la wanamaji likavunjwa, lakini wasafishaji wakaachwa kazini. Mwaka 1950 baadhi yao walipelekwa hata Wonsan, nchini Korea. Kisha zikaundwa manowari mpya za mbao, zikiwemo za aina ya Kasado, na mbao haikuachwa hadi karne hii, ilipokuja Enoshima ya mwaka 2012, ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi.

Uingereza nayo iliunda zaidi ya 90 za aina ndogo, za kuingia mitoni na kwenye maji mafupi. Kila moja ilipewa jina la kijiji linaloishia kwa -ham, neno la kale la makazi. Bassingham, yenye urefu wa mita 32 hivi, ilipewa mwaka 1958 Jeshi la Wanamaji la Afrika ya Mashariki, lililotokana na kikosi cha wanamaji wa akiba cha Kenya cha mwaka 1933. Ikaitwa Mvita. Jeshi lenyewe lilivunjwa mwaka 1962. La Kenya huru lilianza tarehe 12 Desemba 1964.

Mvita ni jina la kale la Mombasa. Mapokeo humtaja Shehe Mvita, mwasisi wa mji. Wengine husikia humo neno *vita*, kwa kuwa kisiwa hicho kilipiganiwa mno. Kwa maoni yangu rai hii ya pili yanukia etimolojia ya barazani, kwani *vita* tayari ina kiambishi chake cha ngeli, na *m-* juu yake yahitaji kuelezwa. Lakini masikio ya baharia hayangoji wanaisimu, na chombo cha kuondoa mabaki ya vita kilisafiri kikiitwa hivyo.

Sasa, kazi hiyo tuiiteje? *Kufagia* ni tafsiri ya neno la Kiingereza. Kifaransa husema *dragueur*, chenye kukokota. Zote mbili zaeleza kamba, si tendo. Kiswahili kina jozi yake: *kutega* na *kutegua*, kama *kufunga* na *kufungua*, *kuziba* na *kuzibua*, ambamo kiambishi *-u-* hurudisha nyuma lililotendwa. Mtego hutegwa, kisha huteguliwa. Baada ya majeshi ya Rwanda na Uganda kupigana mjini mwetu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, makombora ambayo hayakulipuka yalibaki katika viwanja na barabara. Makombora hayo hayakutegwa na mtu, na kwa hiyo, tukishika maana kamili, *kutegua* hakuyafai. Yafaa *kulipua* au *kuondoa*. Lakini manowari kama Mvita ni *mtegua mabomu* bila shaka yoyote, na neno hilo lastahili kuingia katika kamusi zetu.