Fahamu Uwezo wa Mabomba ya Chuma Yaliyojazwa Zege Kuhimili Mpindo

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliukumba mji wa Kobe nchini Japani na kuua watu zaidi ya 6,000. Picha iliyozunguka dunia nzima ni ile ya barabara ya juu ya Hanshin ikiwa imelala ubavu. Sehemu hiyo ilibebwa na nguzo za zege. Lakini barabara hiyo ilikuwa pia na nguzo za chuma zenye uwazi ndani, na baadhi yake zilibonyea na kukunjamana karibu na kitako, nyingine zikachanika. Miongoni mwa hatua zilizochukuliwa baadaye kuimarisha nguzo za aina hiyo ni kuzijaza zege.

Bomba la chuma lililojazwa zege ni nguzo au boriti ambayo ganda lake ni chuma, la mviringo au la pembe nne, na ndani yake hakuna uwazi. Wahandisi hulipima kwa namna mbili: uwezo wa kubeba uzito unaoshuka wima, na uwezo wa kuhimili mpindo, yaani nguvu inayolisukuma kutoka ubavuni au kulilemea katikati hadi likapinda. Kwa uzito wa wima faida ya kuchanganya vitu hivi viwili huonekana kwa urahisi. Kwa mpindo jambo linahitaji maelezo, kwani mara nyingi hudhaniwa kuwa kujaza zege huongeza nguvu maradufu, na hesabu haikubaliani na dhana hiyo.

Boriti inapopinda, upande mmoja hugandamizwa na upande wa pili huvutwa. Zege huhimili mgandamizo vizuri, ila uwezo wake wa kuhimili mvutano ni takribani sehemu moja ya kumi tu ya ule wa mgandamizo. Ndiyo maana boriti ya kawaida huwekwa nondo upande unaovutwa. Katika bomba lililojazwa, chuma chote kipo nje, mahali ambapo mkazo wa mpindo ni mkubwa kuliko kwingine kote, na kimezunguka pande zote. Nguzo ya mviringo haijali nguvu inatokea upande upi, sifa yenye thamani kubwa kwa jengo linaloweza kutikiswa na tetemeko au upepo kutoka popote.

Udhaifu wa bomba tupu ni wembamba wa ukuta wake. Kopo tupu la kinywaji hubonyea kwa kidole, ilhali kopo hilohilo likishindiliwa mchanga halibonyei. Vivyo hivyo, upande wa bomba unaogandamizwa huweza kukunjamana kabla chuma hakijafikia nguvu yake kamili. Zege likiwepo ndani, ukuta hauna pa kuingilia. Unaweza kuvimba kuelekea nje tu, na hilo hudai nguvu kubwa zaidi. Nalo bomba hulizuia zege lisisambaratike baada ya kupasuka. Hata hivyo, katika mpindo usioambatana na uzito wa wima, ni sehemu tu ya zege inayogandamizwa, kwa hiyo kule kubanwa na bomba hakuliongezei nguvu nyingi kama inavyotokea katika nguzo iliyobeba mzigo mzito.

Mfano wa hesabu unasaidia. Chukua bomba la mviringo lenye kipenyo cha milimita 300 na ukuta wa milimita 6, chuma chake kikiwa na nguvu ya megapaskali 355, na zege la megapaskali 30. Mpindo hupimwa kwa kilonyutoni-mita; moja ni takribani uzito wa kilo 100 ulioning’inizwa kwenye ncha ya mkono wenye urefu wa mita 1. Kama chuma chote cha bomba tupu kingetumika hadi mwisho wa nguvu yake, lingehimili kilonyutoni-mita 184. Likijazwa zege hufikia takribani 216. Ongezeko ni asilimia 17 tu, kabla ya kukata pengo la usalama ambalo kila msanifu hulazimika kuliweka.

Hapo ndipo kanuni za usanifu zinapobadilisha picha. Katika bomba hilo kipenyo ni mara 50 ya unene wa ukuta. Kwa mujibu wa viwango vya Ulaya vya Eurocode 3, bomba tupu la aina hiyo ya chuma likizidi uwiano wa takribani 46 haliruhusiwi kuhesabiwa nguvu yake yote, kwa kuwa linaweza kukunjamana mapema. Msanifu hubaki na kilonyutoni-mita 142. Eurocode 4, inayohusu chuma na zege vikifanya kazi pamoja, huruhusu nguvu yote itumike hadi uwiano wa karibu 60. Kwa hiyo ulinganifu halisi mezani kwa mhandisi ni 142 dhidi ya 216, ongezeko la zaidi ya nusu. Sehemu kubwa ya faida hiyo inatokana na zege kulishikilia bomba lisibonyee, kuliko nguvu ya zege lenyewe. Kwa bomba la pembe nne kanuni ni kali zaidi: uwiano wa upande kwa unene wa ukuta usizidi 42 hivi, kwani ukuta ulionyooka huvimba kwa urahisi kuliko uliopinda.

Faida hiyo ina gharama. Mita moja ya bomba hilo likiwa tupu ina uzito wa takribani kilo 44. Zege linaloingia ndani huongeza kilo 156. Boriti iliyolazwa juu ya nafasi pana ingetumia sehemu ya nguvu iliyoongezwa kujibeba yenyewe. Kwa sababu hiyo ni nadra kwa njia hii kuwa chaguo la kwanza kwa boriti za kawaida. Mahali pake hasa ni kwenye nguzo za majengo marefu, nguzo za madaraja na matao.

Matao ndiyo yaliyoipatia njia hii sifa nchini China. Mwaka 1990 Daraja la Mto Mashariki la Wangcang, mkoani Sichuan, lilijengwa kwa tao la mabomba yaliyojazwa lenye upana wa mita 115. Miaka 30 baadaye, mwaka 2020, Daraja la Tatu la Pingnan katika jimbo la Guangxi lilifikia mita 575. Tao hubeba mzigo wake hasa kwa mgandamizo, lakini magari yakijaa nusu moja ya daraja na nusu nyingine ikawa wazi, tao hupinda, na hapo uwezo wa kuhimili mpindo hudaiwa. Mabomba huinuliwa yakiwa matupu na mepesi, kisha zege husukumwa kwa pampu kutoka miguuni kwenda kileleni. Bomba lenyewe huwa ndilo fomu ya kushikilia zege, na mbao na mafundi wa kuzifunga hawahitajiki.

Wazo la kujaza ni la zamani zaidi. Daraja la reli la Severn nchini Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1879, lilisimama juu ya silinda zilizojazwa zege. Silinda hizo zilikuwa za chuma cha kusubu, ambacho hukatika bila kunyumbuka. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1960, katika ukungu mzito, mashua mbili zilizobeba mafuta ziligonga nguzo moja kutoka ubavuni. Nguzo ikaanguka pamoja na vipande viwili vya daraja, na watu 5 wakafariki. Chuma cha kisasa hunyumbuka sana kabla ya kukatika, na bomba lililojazwa likipindwa kupita kiasi huendelea kubeba mzigo huku likionyesha dalili.

Tatizo linalowasumbua wakaguzi ni kwamba zege haionekani. Ikibaki nafasi ya hewa kati yake na chuma, hasa kileleni mwa tao, ukuta hupata tena mahali pa kubonyea na hesabu yote ya hapo juu hupoteza msingi. Mkaguzi hugonga bomba kwa nyundo na kusikiliza: mlio wa uwazi huashiria pengo. Vipimo vya mawimbi ya sauti huthibitisha, na pengo likipatikana hutobolewa tundu na kuingizwa uji wa saruji kwa shinikizo.

Matundu mengine huachwa kwa makusudi. Moto ukiwaka, maji yaliyomo ndani ya zege hugeuka mvuke, na bomba lililozibwa kote linaweza kupasuka. Kanuni za Ulaya hutaka kila nguzo iwe na tundu lisilopungua milimita 20 chini na juu ya kila ghorofa. Wakati wa kupaka rangi na kumalizia jengo, matundu hayo hayapaswi kuzibwa.