Shahada ya Kinanda na Utumishi wa Kanisa: Tafakari ya Kihistoria

Utangulizi

Mtu anayeitwa kuwa mchungaji katika Kanisa letu huikuta njia imekwisha kutengenezwa mbele yake. Kuna usharika unaompendekeza, dayosisi inayomtuma, chuo kinachompokea na askofu anayembariki. Lakini mtu anayeitwa kukaa kwenye kinanda hana njia iliyo wazi namna hiyo. Mara nyingi hujifunza kwa kusikiliza na kujaribu-jaribu baada ya mazoezi ya kwaya, mpaka siku moja anaambiwa aongoze nyimbo za ibada. Wachache hupata nafasi ya kusomea piano, ogani au hapsikodi hadi shahada ya uzamili, na wachache zaidi hufika kwenye udaktari. Hapo ndipo swali linapozuka katika vikao vyetu: Je, shahada hiyo itaufaa nini usharika? Je, si afadhali fedha hizo zimsomeshe mchungaji mwingine?

Swali hili si dogo, wala halipaswi kujibiwa kwa dharau. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza kwa kuitazama historia. Hatutapitia historia yote ya muziki wa Kanisa. Tutasimama mahali panne tu, yaani Lübeck, Leipzig, New York na Makumira, na kila mahali tutauliza ni nani aliyemfundisha mpiga kinanda, ni nani aliyempima, na baada ya masomo alirudi kwa nani.

1. Lübeck: Masomo Yasiyo na Shahada

Kwa karne nyingi mpiga kinanda wa Kanisa hakusoma chuoni. Alikaa kwa fundi wake kama mwanafunzi wa seremala akaavyo kwa seremala. Alinakili maandiko ya muziki kwa mkono, alimsaidia mwalimu wake katika ibada, na alisikiliza. Aliyetaka elimu ya juu zaidi alimtafuta fundi mkubwa zaidi.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Johann Sebastian Bach. Mwaka 1703, akiwa na umri wa miaka 18, alipewa kazi ya kupiga ogani katika Kanisa Jipya la mji wa Arnstadt. Mnamo Oktoba 1705 aliomba likizo ya majuma manne, akamwacha binamu yake ashike zamu, akaenda Lübeck kumsikiliza Dietrich Buxtehude, aliyekuwa mpiga ogani wa Kanisa la Mtakatifu Maria tangu 1668. Safari hiyo ilikuwa ya zaidi ya kilometa 400, na mapokeo ya familia yake yasema kwamba aliifanya kwa miguu. Badala ya kurudi baada ya majuma manne, alikawia yapata mara nne ya muda aliopewa.

Mwezi Februari 1706 aliitwa mbele ya baraza la Kanisa ajieleze. Alijitetea kwamba alikwenda kujifunza mambo ya kazi yake. Wazee, hata hivyo, walikuwa na lalamiko jingine: tangu aliporudi alikuwa akiingiza katika nyimbo mapambo mengi na sauti ngeni, hata waumini wakachanganyikiwa.

Tusiharakishe kuwacheka wazee wa Arnstadt kwa sababu sisi twajua kijana yule alikuja kuwa nani. Wao walikuwa na hoja ya kichungaji. Usharika unaposhindwa kuimba, ibada imejeruhiwa, hata kama mpiga kinanda ana ufundi wa ajabu. Lakini na kijana alikuwa na hoja. Alikuwa ameyaona mambo ambayo mji wake haukuweza kumfundisha. Hivyo katika kumbukumbu hiyo ya 1706 tunaukuta tayari mvutano ambao shahada zetu za leo hazijauondoa: elimu ya juu humpeleka mtu mbali, na anaporudi si rahisi kwake na kwa watu wake kuelewana tena.

2. Leipzig, 1723: Mpiga Kinanda Mbele ya Wanatheolojia

Miaka 17 baadaye Bach aliomba kazi ya ukantori katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig. Halmashauri ya jiji haikumchagua kwanza. Iliwataka Georg Philipp Telemann na Christoph Graupner, ambao wote wawili walikuwa wamesoma katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Telemann alibaki Hamburg baada ya kuongezewa mshahara, na Graupner hakuruhusiwa na mtawala wake kuondoka Darmstadt. Ndipo Bach, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu, alipopewa kazi. Hata wajibu wa kufundisha Kilatini, uliokuwa sehemu ya kazi ya kantori, alimlipa mwalimu mwingine aufanye badala yake.

Kwetu sisi jambo la kuzingatia ni lile lililotukia kabla hajaanza kazi. Mnamo Mei 1723 Bach alihojiwa na wanatheolojia juu ya imani, kisha akatia sahihi kukubali maandiko ya ungamo la Kilutheri. Mwanamuziki asiye na shahada alipimwa katika theolojia, kwa kuwa Kanisa lilimhesabu kuwa mmoja wa wahudumu wa Neno. Na yeye mwenyewe hakuidharau elimu aliyoikosa. Katika barua ya mwaka 1730 alimweleza rafiki yake kwamba mwelekeo wa wanawe kwenye masomo ulikuwa moja ya sababu zilizomvuta kuhamia Leipzig, na wanawe wawili wakubwa walisoma sheria katika chuo kikuu cha mji huo.

3. Leipzig, 1843: Chuo Chashika Nafasi ya Fundi

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1843, pale Felix Mendelssohn Bartholdy alipoanzisha chuo cha muziki mjini Leipzig. Fedha za kuanzia zilitokana na wasia wa mwanasheria Heinrich Blümner, aliyeacha thaler 20,000 mikononi mwa mfalme wa Saksonia kwa ajili ya sanaa na elimu. Robert Schumann alifundisha piano, Carl Ferdinand Becker alifundisha ogani, na Moritz Hauptmann, aliyekuwa kantori wa Mtakatifu Thomas, alifundisha nadharia. Wanawake nao walipokewa tangu mwanzo.

Faida yake ilikuwa kubwa. Kijana hakutegemea tena bahati ya kuzaliwa karibu na fundi. Aliweza kutoka Norway au Uingereza, akapata walimu wengi mahali pamoja na utaratibu wa masomo. Lakini hasara pia ilikuwapo. Piano ilikuwa imekuwa chombo cha ukumbi wa maonyesho na cha sebule za matajiri, na mwanafunzi aliyehitimu aliutazama ukumbi kuliko madhabahu. Mwalimu alimpima kwa wepesi wa vidole vyake. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza kama anaweza kuusaidia usharika kuimba.

Kanisa la Ujerumani liliitambua hatari hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Karl Straube, aliyekuwa mpiga ogani wa Mtakatifu Thomas tangu 1903 na kantori tangu 1918, alijenga hapo Leipzig taasisi ya muziki wa Kanisa iliyofungamana na chuo cha muziki. Katika makanisa ya Ujerumani ulienea utaratibu wa ngazi tatu za mitihani. Ngazi ya C ni ya mtumishi wa muda, B ni ya mtumishi wa kudumu, na A ni ya juu kabisa. Anayetafuta ngazi ya A hupimwa katika ogani na piano, na pia katika kubuni muziki papo hapo kwa ajili ya ibada, kuongoza kwaya, liturujia na elimu ya nyimbo za Kanisa. Baada ya makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999 ngazi ya B imelinganishwa na shahada ya kwanza, na A na shahada ya uzamili. Kwa njia hiyo shahada ya juu ya kinanda imefungwa pamoja na kiti maalum katika Kanisa: mtu anasomea utumishi unaojulikana.

Hata hivyo utaratibu mzuri hauondoi udhaifu wa maisha. Hugo Distler aliingia chuo cha Leipzig mwaka 1927. Mwaka 1931, akiwa miongoni mwa wanafunzi wenye vipaji vikubwa, alilazimika kuacha masomo kabla ya kumaliza kwa sababu ya fedha. Walimu wake walimsaidia kupata kazi ya ogani katika Kanisa la Mtakatifu Yakobo, Lübeck, na hapo, akiwa na mshahara mdogo, aliandika muziki ambao makwaya ya Kilutheri yangali yanauimba. Baadaye alikuwa profesa Berlin. Lakini alielemewa na vita, na shinikizo la utawala wa wakati ule, na hofu ya kuitwa jeshini. Tarehe 1 Novemba 1942 alijiua, akiwa na umri wa miaka 34. Tunamkumbuka kwa huzuni, na tunajifunza kwamba mwanamuziki wa Kanisa, awe na shahada au asiwe nayo, ni mtu anayehitaji kuchungwa. Mara nyingi tumemtazama kama chombo kingine kilichowekwa kando ya kinanda.

4. New York: Shule Iliyofungwa

Nchini Marekani udaktari wa sanaa za muziki, ambao mtahiniwa wa kinanda huupata kwa maonyesho kadhaa mbele ya hadhira, mitihani na tasnifu, ulianza mapema katika miaka ya 1950, na Howard Hanson wa shule ya Eastman mjini Rochester alikuwa mmoja wa watetezi wake wakuu. Lakini kabla ya hapo palikuwapo jaribio lililo karibu zaidi nasi. Mwaka 1928 mpiga ogani Clarence Dickinson na mkewe Helen, msomi aliyepata udaktari wake Heidelberg, walianzisha Shule ya Muziki Mtakatifu ndani ya seminari ya Union, New York. Shule hiyo ilitoa shahada za uzamili na udaktari katika muziki wa Kanisa. Wapiga ogani na wachungaji wa kesho walisali katika kanisa dogo lile lile, wakabishana juu ya ibada wangali vijana, kabla hawajakutana kama mchungaji na mwajiriwa wake.

Shule hiyo ilifungwa mwaka 1973 kwa sababu seminari ilikuwa katika shida ya fedha. Walipokaa kupima kipi kibaki na kipi kiondoke, muziki ndio ulioonekana kuwa ziada. Kwa bahati njema kazi haikufa. Mfuko wa familia iliyoipenda shule hiyo ulisaidia, na mwaka huo huo Robert Baker, aliyekuwa kiongozi wake, pamoja na wenzake walihamia Chuo Kikuu cha Yale, ambapo ilianzishwa Taasisi ya Muziki Mtakatifu. Taasisi hiyo hufanya kazi kati ya shule ya muziki na shule ya theolojia, nayo inaendelea hadi leo.

Historia hii yatuonya sisi tulio katika vyuo vya theolojia. Inapokuja njaa, hukatwa kwanza kile ambacho hatukupata kukieleza kitheolojia. Kama muziki ni pambo, utaondolewa bila mjadala. Kama ni njia ya Neno kuwafikia watu, basi hatuna budi kusema hivyo wakati wa shibe, ili hoja iwe imekwisha kusimama siku ya dhiki.

5. Makumira: Wimbo Bila Shahada

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Hivyo mji ule ule wa Bach na Mendelssohn una sehemu katika historia ya ibada zetu, na nyimbo za Kijerumani zingali katika vitabu vyetu. Lakini wimbo wetu uliosafiri mbali haukutoka kwenye kinanda. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya". Howard Olson, mwalimu wa Makumira, alikusanya nyimbo za namna hiyo zenye sauti za Kiafrika na kuzitolea vitabu, na leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani.

Wengine watasema: Mwaona? Hakuhitajika mwenye shahada. Sisi hatukubali hitimisho hilo. Wimbo ule ulizaliwa mahali ambapo theolojia na uimbaji vilikaa pamoja, na palikuwapo mtu aliyejua kuusikiliza, kuuandika na kuuhifadhi. Kazi hiyo ya pili yahitaji elimu. Nyimbo ngapi nzuri zimepotea kwa sababu hapakuwa na wa kuziandika? Na mwalimu wa mpiga kinanda wa kijijini atatoka wapi, kama hakuna aliyesomea ualimu huo? Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira sasa kinafundisha muziki katika ngazi ya shahada, na wahitimu wake wataendelea kuuliza juu ya hatua inayofuata.

Hitimisho

Kutokana na mambo hayo tunapendekeza kwamba dayosisi inayotaka kumtuma kijana kusomea kinanda katika ngazi ya uzamili au udaktari ijiulize mambo matatu. Kwanza, je, kiti chake kipo? Asiyejua atarudi kwa nani atabaki kwenye ukumbi wa maonyesho, na si haki kumlaumu. Pili, je, atasoma theolojia ya ibada pamoja na ufundi wa vidole, kama Kanisa lilivyodai mwaka 1723? Tatu, je, atarudi kufundisha wengine, hata wale wenye kinanda kidogo cha umeme katika usharika ambako umeme wenyewe hukatika?

Na wachungaji nao wana lao la kujiuliza. Wazee wa Arnstadt walimhoji kijana wao juu ya siku alizokawia na sauti alizozileta. Kumbukumbu haionyeshi kwamba walimwuliza Buxtehude alimfundisha nini. Mwaka uliofuata, 1707, alihamia Mühlhausen.